Diski Mbili kwenye Waya Mmoja

Zandekapelle, 5 Novemba 1995

Mpwa wangu Joris,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila goti la kulia linanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi ya banda la njiwa. Siku ya Watakatifu Wote nilikwenda makaburini na vyungu viwili vya maua ya krisanthemu, kimoja kwa niaba yako. Usinishukuru. Njiwa nao wazima. Wamemaliza kubadilisha manyoya, sasa kazi yao ni kula na kugombana, kama wanachama wa klabu yetu. Yvonne wa baa anakusalimu. Odiel, mwenyekiti wetu, naye anakusalimu, ingawa unamjua, yeye hamsalimu mtu bila jambo.

Na jambo lipo. Umoja wa vilabu vya wilaya umetuandikia kwamba kuanzia msimu ujao matokeo ya mbio za njiwa hayapokelewi tena kwenye karatasi. Yapelekwe kwa disketi, na disketi itoke kwenye kompyuta yenye huu mfumo mpya unaoimbwa na kila gazeti. Wameambatisha masharti, nakuandikia kama yalivyo kwa sababu sielewi hata nusu yake: prosesa ya 386 au zaidi; kumbukumbu megabaiti nne, zikiwa nane ni bora; nafasi ya megabaiti hamsini kwenye diski kuu; skrini ya rangi. Nilipoyasoma nilidhani ni tangazo la mtu anayetafuta mchumba. Awe mrefu, awe na kazi, asiwe na makuu.

Mashine ya klabu, unavyojua, ni ya mama yako. Paula aliinunua mwenyewe, akaiandikia mwenyewe programu ya kukokotoa mwendo wa njiwa, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kaibiwa hata sekunde. Bado ipo kwenye chumba kidogo chini ya banda langu. Misimu miwili hii nimeitumia mimi, kwa kufuata maelekezo aliyonifundisha, kidole kimoja kimoja. Odiel anasema imezeeka, itupwe, klabu inunue mpya. Nimekataa mbele ya wote, nikagonga na meza. Wamenipa muda mpaka mbio za kwanza, Jumapili ya tarehe 14 Aprili. Siku hiyo ikishindwa, inakwenda jalalani.

Sasa wewe ndiye fundi wa ukoo. Niambie, inaubeba mfumo huo au haiubebi? Na uje kwa mbio za kwanza. Chumba chako kipo. Madirisha ya nyumba ya mama yako nayafungua kila Jumamosi isije ikanuka uvundo.

Mjomba wako,
Achiel


Oulu, 22 Novemba 1995

Mjomba,

Barua yako imefika, asante. Mimi mzima. Huku theluji imeshatua na haina mpango wa kuondoka. Jua linachomoza kama mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko, na kabla hujamaliza chakula cha mchana limeshaaga. Jirani yangu Pirkko ananilazimisha kwenda sauna kila Alhamisi. Anasema mtu asiyetoka jasho hulimbikiza mawazo. Kazini ni simu tu, asubuhi mpaka jioni.

Kuhusu ile mashine. Kama sikosei ni ya mwaka 1989. Kwa kompyuta huo ni uzee wa njiwa wa miaka ishirini, mwenye chongo. Ushauri wangu ni mmoja: mwache Odiel anunue mpya, mfumo uje ukiwa umeshawekwa, nawe upumzike. Lakini nakujua, hutanisikia, kwa hiyo fanya hivi.

Chomoa waya wa umeme kwanza. Kwanza, Mjomba, usicheke. Kisha shika bomba la kipasha joto ili umeme wa mwilini ukutoke. Nyuma kuna skrubu tano. Zifungue, vuta kifuniko taratibu. Ndani utaona ubao mkubwa wa kijani. Tafuta chipu ya mraba, kubwa kuliko zote, uniandikie maneno yote yaliyo juu yake. Halafu tafuta vibao vyembamba vilivyosimama kwa mstari kama sahani kwenye kichanja. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Hesabu vingapi vipo na nafasi ngapi ziko tupu. Usiguse kingine chochote.

Ikiwa sitaandika tena kabla ya Krismasi, nakutakia sikukuu njema.

Joris


Zandekapelle, 3 Desemba 1995

Joris mpwa wangu,

Nimekuwekea biskuti za Mtakatifu Nikolao, zenye umbo lake, kwenye kifurushi hiki. Zikifika zimevunjika, zile kwa kijiko. Hapa baridi kavu, mifereji ina ukoko wa barafu asubuhi. Mzee Remi wa duka la baiskeli tumemzika Jumanne. Kanisa lilijaa, na chakula cha mazishi kilikuwa kizuri, ulimi wa ng'ombe kwa mchuzi wa divai, yeye mwenyewe angeongeza mara mbili.

Nimeifungua. Umeme nilichomoa kwanza, nimecheka hata hivyo. Joris, ndani humo nilikuta banda la pili! Lile vumbi jeupe la mbawa limejaa mpaka huoni kijani chochote, na kwenye feni ulikuwapo unyoya mzima. Kwa jinsi ulivyo ni wa yule jike wa kijivu aliyeshinda mbio za kutoka Bourges. Sijui kompyuta gani nyingine duniani imewahi kuvuta pumzi ya mabingwa namna hii. Nimeipuliza kwa mivukuto ya jikoni, kisha nikaifuta kwa ile brashi laini ninayosafishia viota. Baada ya hapo nilipiga chafya siku nzima.

Chipu imeandikwa 386DX, na nyuma yake namba 25. Vibao vya kumbukumbu viko vinne, na nafasi tupu nne. Hapo nikaona mambo rahisi. Wilfried mwoka mikate alikuwa na mashine iliyokufa, nikamwomba vibao vyake viwili, nikavichomeka. Nilichagua viwili kwa sababu kila kitu kinachotaka kuzaa hupangwa jozi. Nikawasha. Ikalia pii-pii-pii kama kinda aliyeachwa na mama yake, skrini nyeusi. Nikavichomoa, ikapona. Sasa niambie nimekosea nini.

Jambo jingine. Uliandika "ile mashine." Haiitwi hivyo. Ina mwenyewe. Na kuhusu Aprili hujanijibu.

Mjomba Achiel


Oulu, 14 Januari 1996

Mjomba,

Nisamehe kuchelewa. Krismasi ilinikuta kazini, na baada ya Krismasi nilikuwa nimechoka. Biskuti zilifika nzima isipokuwa miguu ya mtakatifu. Pirkko amezila nyingi na anauliza kama una mke.

Umenichekesha hasa, na haikuwa wiki ya kuchekesha. Mjomba, vibao hivyo havipangwi jozi. Kwenye mashine za umri huo huenda vinne kwa vinne, na vyote vinne viwe sawa, ukubwa mmoja na kasi moja. Kimoja kikipungua, vitatu vilivyobaki vinagoma. Nimetafuta huku kwenye duka la vitu vya mitumba nikapata vinne vinavyofaa. Nimevifunga ndani ya soksi, viko kwenye bahasha hii. Vichomeke kwa kuvilaza kidogo, kisha visimamishe mpaka usikie "tik" pande zote mbili. Ukiwasha, namba zitakazokuwa zinapanda juu kushoto zifike elfu nane na kitu. Basi hapo sharti la kumbukumbu limetimia. Prosesa imepita pia, ingawa kwa kuburuza miguu.

Bado diski kuu. Andika CHKDSK, bonyeza kitufe kikubwa cha kulia, usome mstari wa kwanza. Nakumbuka ilikuwa megabaiti arobaini. Kama ni arobaini, hakuna mjadala, mfumo mpya unataka hamsini. Hata ukifuta kila kitu hautaenea. Itabidi diski hiyo itolewe, nikutumie kubwa zaidi. Vya klabu unavyovihitaji vinakili kwenye disketi, vinavyobaki viende nayo.

Huku nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Ndevu zinaganda.

Joris


Zandekapelle, 28 Januari 1996

Joris,

Mwambie huyo Pirkko kwamba sikuoa, na sababu ni njiwa, na sababu haijaondoka. Hapa barafu imeshika mifereji yote, watoto wanateleza mpaka kwenye kinu cha kusagia nafaka. Goti limekataa kunipeleka, nimewatazama tu kutoka darajani na mfuko wa chipsi moto. Ulikuwa unateleza pale. Ulianguka zaidi ya ulivyoteleza.

Vibao vimeingia. Tik, tik, mara nne. Nikawasha, namba zikapanda, zikapita elfu nne ambapo zilizoea kusimama, zikaendelea mpaka nane. Nilisimama nikavua kofia. Nilimwita Yvonne aje aone, akaja na aproni yake, akasema "Haya, ndiyo nini?" Vinne kwa vinne, kumbe! Padri akisikia kuna chombo cha Kikatoliki kinaoa wake wanne atakuja na maji ya baraka.

Diski ni arobaini, kama ulivyokumbuka. Sasa hapo uliposema itolewe ndipo nimekaa na barua yako tangu Jumatatu, na leo najibu.

Itolewe iende wapi? Umeandika kana kwamba ni balbu iliyoungua. Mle ndani mama yako amekaa miaka mitano. Programu aliiandika kwenye meza ya jikoni, wewe ukiwa upande wa pili unafanya hesabu za shule, na kila alipokwama alikuwa anakuuliza nawe unajifanya mkubwa. Kila Jumapili ya msimu yumo mle: nani kafika, saa ngapi, upepo ulitoka wapi, na chini yake kaongeza lake. "Odiel amebishana, amekosea." "Mvua Orléans, njiwa wamelowa, Achiel kanuna." Nikifungua ile ya Agosti '92 namsikia sauti yake kabisa. Unaniambia ninakili ninavyovihitaji. Nitajuaje ninachokihitaji? Sitaki nakala. Nataka akae alipo, na mfumo wao mpya utafute pa kukaa.

Na nitakuuliza bila kuzunguka, maana nina miaka sabini na moja. Kwa nini huji? Barua ya kwanza sikupata jibu, ya pili sikupata jibu. Umeniandikia juu ya skrubu, juu ya theluji, juu ya ndevu. Jina la mama yako hujaliandika hata mara moja. Mimi nilikuwa kaka yake maisha yake yote na ninalitaja kila siku, na halijaniua.

Achiel


Zandekapelle, 25 Februari 1996

Joris,

Hujajibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi sisikii mshindo, nasikia kimya tu.

Tumefanya misa ya kumkumbuka Paula, mwaka wa pili. Tulikuwa kumi na mmoja, na mbwa wa Yvonne. Niliwatengenezea kahawa na mkate wa zabibu jikoni kwa mama yako, kwa sababu ndiko alikokuwa anapenda watu wakae. Waliniuliza habari zako. Nikasema mzima, ana kazi nyingi.

Odiel ameleta kompyuta mpya, ya kuazima kwa binamu yake, ameiweka kwenye meza kule baa "kwa maonyesho." Ni nyeupe kama jokofu. Wanachama wameizunguka na bia zao. Mimi nimekaa kwenye kona yangu. Ninazo barua za kutosha za kuniambia mashine ya Paula haitoshi, ninachokosa ni mtu wa kunisaidia itoshe. Ukiona nimekuudhi, sema nimekuudhi. Lakini sema kitu.

Achiel


Oulu, 6 Machi 1996

Mjomba,

Barua zako mbili nimezisoma pamoja. Ya Januari niliifungua, nikafika pale kwenye Agosti '92, nikairudisha kwenye bahasha. Ilikaa kwenye droo mpaka ya pili ilipokuja. Jana nimezisoma zote mlangoni, na koti mwilini, theluji ya viatu ikiyeyuka sakafuni.

Hujaniudhi. Umeuliza kwa nini siji, nami nakujibu. Tangu tumzike mama siwezi kuivumilia nyumba ile hata kwa mawazo. Naogopa kuikuta kama alivyoiacha, miwani yake juu ya redio. Na naogopa zaidi kuikuta imebadilika. Nikiwa huku, kichwani mwangu yeye yuko kule, Jumapili, anawafokea wanaume wazima kwa sababu saa zao haziendi sawa, na mimi ni mwanawe aliye mbali tu, kama wana wengi. Nikija, hayupo. Ndiyo maana nikaandika "ile mashine." Nikitaka kuandika jina lake, naandika skrubu na theluji. Haya, naliandika. Mashine ya Paula. Mashine ya mama. Nimelia kidogo, Mjomba, na nyumba haijaanguka.

Ulipoandika kwamba mama akae alipo na mfumo mpya utafute pa kukaa, nilikasirika kwanza. Nilijiambia huyu mzee haelewi vyombo. Halafu leo asubuhi, nikiwa kwenye basi, nikaona kwamba ndilo jibu lenyewe. Waya unaotoka kwenye diski kwenda kwenye ubao una plagi mbili, na moja haijawahi kutumika. Diski ya mama inabaki mahali pake, haiguswi, haifutwi. Naongeza ya pili pembeni yake, ya megabaiti mia mbili na kumi, mfumo mpya uingie humo. Zitakaa mbili kwenye waya mmoja. Moja inapangwa iwe ya kwanza, nyingine ya pili, kwa kuhamisha kijichuma kidogo nyuma yake, na namba za kila diski zinaandikwa kwenye mashine yenyewe. Mara nyingine diski za viwanda viwili tofauti hazielewani, hasa ikiwa moja imezeeka. Hapo ni kujaribu na kujaribu. Programu ya mama itafanya kazi ndani ya mfumo mpya, hiyo nimeshaijaribu kazini kwa programu nyingine za umri wake.

Ningeweza kukuandikia kurasa nne zenye michoro. Kwa mikono hiyo iliyofunga pete maelfu ya njiwa, ungeweza. Sitaandika. Nitakuja mwenyewe, nitafika Ijumaa ya tarehe 12 Aprili, na diski ndani ya soksi. Madirisha yafungue, lakini usiniwashie moto wala usinipikie kule. Nataka kuingia peke yangu.

Mpwa wako,
Joris


Zandekapelle, 21 Aprili 1996

Joris mpwa wangu mpenzi,

Natumaini treni na ndege zote zilikufikisha salama, na kwamba sufuria la supu ya mboga za liki nililokupa halikumwagikia mashati. Kama afisa wa mpakani alikuuliza, natumaini ulimwambia ni dawa. Goti langu liko vilevile. Yvonne anasema umekonda na umependeza, na kwamba huko kwenu hakuna mtu wa kukata nywele.

Mashine inaendelea vizuri. Naiwasha, nakwenda kuchemsha kahawa, nakunywa kikombe kimoja, nikirudi ndiyo kwanza inamaliza kuamka. Odiel ananiambia ile yake huamka kabla hajakaa. Nimemwambia hana hata muda wa kumkaribisha mgeni. Na ile picha ya mwanzo, mbingu ya buluu na mawingu, imewashinda wanachama wote. Jana, wakati wa kufungia njiwa vikapuni, walisimama mbele yake wanane wakibishana upepo wa pale unatoka wapi. Wengi tumekubaliana ni kusini-magharibi, wa wastani, na kwamba ni siku nzuri kwa madume wachanga. Kila nikisikia diski zile mbili zinakoroma pamoja nafurahi. Nakumbuka Jumamosi nzima zilivyokataa kuelewana, na wewe chini ya meza unatukana kwa Kifini, na jioni zikakubali ghafla bila sababu. Hata ndoa za hapa kijijini ziko hivyo.

Sasa nina neno nililokuficha ulipokuwa hapa.

Jioni ya mbio uliniuliza imekuwaje njiwa wangu Bluu, ambaye kila mtu alimtegemea, kafika amechelewa vile. Nikakwambia upepo. Haukuwa upepo. Bluu alikuwa wa kwanza kuonekana angani Zandekapelle. Nilimwona mwenyewe juu ya kanisa, amekunja mbawa, anashuka kama jiwe, na saa yangu iko tayari mkononi. Akafika usawa wa paa la mama yako, ubavuni mwa banda langu, akaona mashuka manne meupe yanapigapiga kwenye kamba, akapaa tena. Akazunguka. Akashuka, yakapiga, akapaa.

Joris, Jumapili ya mbio haianikwi hata leso kijijini hapa, maana njiwa huogopa kutua nguo zikipepea. Mtoto anayetambaa anajua. Wake wamewanunia waume zao mwaka mzima kwa ajili hiyo, na mama yako mwenyewe aliwahi kuvuka ua wa jirani akang'oa soksi za watu kwenye kamba, akazitia mfukoni mpaka njiwa wa mwisho aingie. Wewe umekaa mbali mpaka umesahau. Na mpaka uitoe pete kwenye mguu uitie ndani ya saa ya mbio inayogonga muda, njiwa aliye juu ya paa hahesabiwi.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, haki ya Mungu ningekufokea mpaka Oulu wasikie. Hapo ukatoka mlango wa jikoni na beseni la pili, vibanio mdomoni, mikono ya shati umeikunja kama alivyokuwa anaikunja yeye. Madirisha yote wazi, godoro limewekwa dirishani lipigwe na jua, redio inaimba. Nikajua umelala mle ndani. Nikajua umetandua kitanda chake mwenyewe, kile ambacho mimi sikuthubutu kukigusa miaka miwili. Basi nikaufunga mdomo. Nikageuza ndoo nikakaa juu yake, nikakutazama unaanika. Nilikuwa na furaha, Joris, na huku nalia, na juu ya kichwa changu bingwa anazunguka na kuzunguka. Wa Odiel akaingia, wa Yvonne akaingia, hata yule kilema wa Wilfried akaingia.

Mashine ya mama yako ikapiga hesabu kwa haki bila kumpendelea ndugu, ikaniweka wa ishirini na tatu. Karatasi hiyo ya matokeo, ya kwanza kutoka kwenye mfumo mpya, nimeibandika juu ya meza. Umoja wa vilabu wameipokea disketi yetu bila neno.

Mei kuna mbio kutoka Orléans, Jumapili ya tatu. Bluu yuko katika hali nzuri sana, kila mtu anasema safari hii hakuna wa kumzuia. Njoo ufue.

Mjomba wako,
Achiel